Kabla hujatia papai kwenye nyama ya mishkaki

Usiku wa kuamkia Idi niliroweka kilo tatu za nyama kwa papai bichi ili ilainike, nikaenda kulala. Asubuhi nilipotaka kutunga, nje nyama ilikuwa tope, inabaki vidoleni, na katikati ya vipande vikubwa bado ngumu vilevile. Hakuna kilichoshika kijiti.

Anza na papai lenyewe. Ukifika Marikiti chukua lililo bichi kabisa, ambalo ukilichanja linatoka utomvu mweupe kama maziwa. Humo ndimo ilimo papaini, na papaini ni kimeng'enya: protini inayoharakisha kazi bila yenyewe kuisha. Ina kishimo ambamo kinachokatwa huingia na kukaa. Mwaka 1894 mkemia Emil Fischer alikifananisha na kufuli na ufunguo wake. Papaini ikishakata protini ya nyama mahali pamoja huachia, ikahamia pengine, ikakata tena. Ndiyo maana kidogo tu kikipewa usiku kucha huharibu sufuria nzima.

Mti wenyewe haujidhuru, kwa sababu huiunda papaini ikiwa imefungwa: kipande cha protini hiyohiyo kimeziba kile kishimo. Tunda likijeruhiwa, kipande hukatwa na papaini huamka. Tumbo letu nalo hutoa pepsini, kimeng'enya kingine kinachokata protini, ikiwa imefungwa, asidi ndiyo inayoifungua. Basi ukishaparura papai umeiamsha, na huna cha kuirudisha usingizini.

Kwa hivyo panga saa kabla ya kushika kisu. Jua makaa yatawashwa lini, uhesabu kurudi nyuma. Mimi hukata nyama vipande vidogo, kwa sababu papaini haizami mbali, nikatia kijiko kimoja cha papai kwa kilo, nusu saa, isizidi saa moja. Wageni wakichelewa, tia kwenye friji, lakini ujue baridi huipunguza mwendo tu. Na joto la jikoni kwetu, hasa mwezi wa tatu, huikimbiza.

Ndimu iache mwisho. Papaini hudhoofika kwenye asidi kali, na wengi huzichanganya pamoja, kisha wakalilaumu papai.

Makaa yawe yamekolea kabla mishkaki haijapanda. Papaini hufanya kazi kwa kasi kubwa kabisa kwenye nyuzi kama 60 hadi 70 za Selsiasi. Joto likizidi sana umbo lake huvunjika na kazi huisha. Moto hafifu huiweka nyama muda mrefu papo hapo pabaya.

Vaa glavu za plastiki, utomvu unawasha, maana ngozi nayo ni protini. Na waulize wageni mapema: anayedhurika na glavu au maputo ya mpira huenda akadhurika na papai pia. Nyama yake iweke kando, uitie tangawizi na thaumu tu.