Kazi ya muda na masomo ya chuo: piga hesabu ya saa kabla hujasaini

Kwa miaka miwili nilisoma chuo mchana na kusimama kaunta jioni. Muhula wa kwanza nilianguka masomo mawili. Uvivu haukuwepo kabisa, nilikuwa nakimbia kutwa. Nilikosea hesabu tu, na hesabu yenyewe nilikuja kuipiga baada ya kusaini mkataba wa kazi. Somo hili namwandikia yule ambaye bado hajasaini.

Hatua ya 1: Hesabu wiki yako kwa saa

Chukua karatasi na kalamu. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila siku, zimeondoka 56, zimebaki 112. Kuoga, kula, kufua na kwenda chuo na kurudi, weka saa 3 kwa siku: zimebaki 91.

Sasa masomo. Tuseme una vipindi vya saa 18 kwa wiki. Kanuni inayotumika vyuo vingi ni kwamba kila saa moja ya mhadhara inadai saa mbili za kusoma mwenyewe. Hapo ni 18 na 36, jumla 54. Usione nimezidisha. Kwenye ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo kwa alama ziitwazo krediti, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti moja huhesabiwa saa 25 hadi 30. Hiyo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Kwa hiyo chuo peke yake tayari ni kazi ya kutwa, na unachokitafuta wewe ni kazi ya pili.

Zimebaki saa 37. Umepata kazi ya saa 20 kwa wiki, ukaona bado una nafasi tele. Subiri kwanza. Kama zimegawanywa zamu tano za saa nne nne, na njiani unatumia saa moja kwenda na moja kurudi, kazi hiyo inakula saa 30. Umebakiwa na saa 7 kwa wiki nzima, na humo ndimo uugue, upange foleni, umpigie mama simu na ucheke na wenzako.

Saa zile zile 20 zikipangwa kwa zamu tatu ndefu, njiani unapoteza saa 6 tu, unabakiwa na 11. Mshahara haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa mwajiri liwe "zamu zimepangwaje?", halafu ndipo muulizane malipo.

Hatua ya 2: Muhula wote kwenye karatasi moja

Wiki ya kwanza kusanya ratiba za masomo yote, uandike tarehe za majaribio, za kukusanya kazi na za mitihani kwenye karatasi moja kubwa. Ibandike ukutani. Utaona wiki mbili au tatu ambazo kila kitu kimerundikana. Hizo zizungushie wino mwekundu.

Hatua ya 3: Zipeleke tarehe hizo kazini mapema

Hapa ndipo wengi tunapoogopa, tukidhani bosi akijua tuna mitihani atatutoa. Kwa niliyoyaona, kinachomuudhi meneja ni kushtukizwa. Ujumbe wangu ulikuwa hivi, na niliutuma wiki tano kabla:

"Shikamoo mkuu. Mitihani yangu inaanza tarehe 3 hadi 17. Naomba zamu zangu za wiki hizo zipungue kutoka tatu hadi moja. Mwenzangu wa Jumamosi amekubali kunishikia, nami nitamlipa zamu zake baada ya tarehe 17. Asante sana."

Angalia, ujumbe huo unabeba tarehe, ombi, na mtu wa kuziba pengo. Andika hata kama mmeshaongea ana kwa ana. Maneno ya mdomo meneja mpya hayajui.

Hatua ya 4: Soma kabla ya zamu

Nilipoteza muhula mzima nikijiambia "nitasoma nikirudi". Ukirudi saa tano usiku miguu inawaka moto, kitabu unakifungua na kukifunga.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mwanzoni kabisa, saa chache tu baada ya kujifunza. Kwa mwanafunzi mwenye kazi hilo ni jambo kubwa: dakika 20 za kupitia mhadhara siku ile ile, kabla hujavaa sare, zinakusaidia kuliko kuuacha mpaka wikiendi.

Mimi nilikuwa naandika maswali matano nyuma ya kipande cha karatasi ya risiti, nakitia mfuko wa shati. Wateja wakipungua nakitoa, najiuliza swali moja, nakirudisha. Karatasi ile ilikuwa inachakaa kwa jasho, lakini kanuni za takwimu nimezishika mpaka leo.

Hatua ya 5: Jiwekee mpaka mapema

Amua sasa hivi, ukiwa na akili tulivu, ni kitu gani kikitokea utapunguza zamu. Wangu ulikuwa huu: nikikosa vipindi viwili vya somo moja kwa sababu ya kazi au uchovu, naomba kupunguziwa wiki hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Meneja wangu anabadilisha zamu usiku, kesho yake asubuhi nina kipindi. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza mpe ratiba yako ya vipindi kwa maandishi. Akiendelea, anza kutafuta kazi nyingine huku bado uko hapo. Kazi ya zamu zisizotabirika naiogopa kuliko kazi nzito. Nilikosa jaribio moja kwa simu ya namna hiyo, na alama zile hazikurudi.

Swali: Mimi nasoma nje kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kushika kazi mbili ndogo?

Jibu: Saa za kazi zote hujumlishwa, ndugu yangu. Uingereza, wanafunzi wengi wa shahada wanaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na huwezi kufanya 30 wiki hii ukafidia kwa 10 wiki ijayo. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako mwenyewe, maana ukivuka unahatarisha viza na masomo kwa pamoja.

Swali: Kaka, zamu ya usiku inanipa muda wa kusoma kwa sababu hakuna wateja. Ni sawa?

Jibu: Kusoma utasoma, ila usingizi wa mchana mara nyingi huwa mfupi na wa kukatika katika. Kama huna namna, chagua usiku ambao kesho yake huna kipindi kabla ya mchana.

Swali: Nimeshafeli masomo mawili. Niache kazi au niahirishe muhula?

Jibu: Pole sana, nimepita hapo hapo. Nenda kwa mshauri wako wa masomo wiki hii. Muulize mwisho wa kupunguza idadi ya masomo ni lini, maana huenda masomo manne na kazi vikawezekana pale ambapo sita vimekushinda. Ukiamua kuahirisha, fanya kwa barua rasmi na ubaki na nakala. Ukitoweka kimya kimya unaweza kuhesabiwa mtoro.

Swali: Nimwambie mhadhiri kwamba nafanya kazi?

Jibu: Mwambie wiki ya kwanza, kwa kifupi, bila kumwomba chochote. Usingoje siku ya kukusanya kazi, maana siku hiyo atakuwa ameshasikia visingizio kumi.