SOMO: Kufuatilia ardhi iliyorejeshwa na majivu yaliyofukiwa kwenye mgodi wa zamani wa makaa ya mawe

Wakuu, salaam. Swali la "nyasi zimeshaota, majivu yamefunikwa, bado tunapima nini?" limeulizwa mno, nami najibu yale yale. Leo naliweka lote mahali pamoja. Majivu ninayosema ni yale yanayobaki makaa ya mawe yakichomwa kwenye mitambo ya umeme. Nyasi zinakuonyesha hali ya udongo wa juu tu. Kinachotokea kwenye majivu utakijua kwa kupima maji.

Hatua ya 1. Tafuta ramani za zamani: mashimo, mahandaki, mipaka ya majivu, na hasa mabomba yaliyozikwa. Februari 2014, huko Eden, North Carolina, bomba la maji ya mvua lililopita chini ya bwawa la majivu lilipasuka na majivu yakaingia Mto Dan.

Hatua ya 2. Piga picha kila mwaka kutoka kwenye vigingi vilevile, msimu uleule.

Hatua ya 3. Toboa udongo kwa kekee, upime unene wa tabaka la juu, ulinganishe na mpango wa urejeshaji. Toboa mteremkoni pia. Mvua hushusha udongo, kwa hiyo ukipima bondeni tu utadhani unene umetimia.

Hatua ya 4. Visima vya uchunguzi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, someni polepole.

Mgodi ukiwa kazini, pampu hunyonya maji mchana na usiku, na maji ya chini ya ardhi ya pande zote huvutwa shimoni. Zikizimwa, maji hupanda taratibu, pengine kwa miaka mingi, na yanaweza kubadili mwelekeo kabisa. Kile kisima cha juu, cha kulinganishia, ambacho kilipaswa kupata maji kabla hayajagusa majivu, sasa kinapokea maji yaliyokwisha kupita humo. Boroni, elementi inayotoka kwenye majivu, inaongezeka kwenye visima vya juu na vya chini kwa pamoja, tofauti haionekani, na ripoti inaandikwa kwamba hakuna tatizo.

Kwa hiyo pima kina cha maji kwenye visima vyote siku hiyohiyo, kuanzia alama iliyo kwenye mdomo wa bomba na ambayo kimo chake kimepimwa na mpima ardhi. Kila awamu chora upya mishale ya mtiririko. Kanuni ya Marekani ya 2015 kuhusu madampo na mabwawa ya majivu inadai angalau kisima kimoja juu na vitatu chini. Haikugusa majivu yaliyowekwa migodini, lakini mimi singekubali pungufu ya hapo.

ONYO: anza kuchukua sampuli kabla majivu hayajaletwa mgodini. Salfeti hutoka pia kwenye pairaiti ya mgodi wenyewe (madini ya chuma na salfa yanayozaa asidi yakipata hewa na maji), kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba majivu yanavuja. Boroni ni shahidi bora kwa sababu husafiri upesi na maji, ila nayo inahitaji kipimo cha mwanzo cha kulinganishia.

Hatua ya 5. Sampuli. Vuta maji hadi pH, joto na upitishaji umeme vitulie. pH isomwe palepale kisimani. Kwa metali zilizoyeyuka, chuja kwanza kwa chujio la mikroni 0.45, ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, inayeyusha metali zilizoshikamana na chembe za matope, na maabara itakuletea namba kubwa isiyo ya maji hayo. Tumia chupa za plastiki. Kioo cha maabara chenye boroni kinaweza kuichafua sampuli.

Hatua ya 6. Baada ya kila mvua kubwa, tembea juu ya kifuniko utafute nyufa, makorongo na madimbwi. Maji yaliyotuama juu ya majivu yanatafuta njia ya kuingia.

MASWALI

Mgeni_Bondeni: Mkuu, nimepata pH 7.5. Maji ni salama, sivyo?

Jibu: Hapana. Arseniki na seleniamu, sumu zinazoweza kutoka kwenye majivu, hutembea hata kwenye maji yasiyo na asidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa arseniki ya maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na mita ya pH haiwezi kuiona.

Kazi_Shwari: Kina cha maji sikupima, nina sampuli tu. Naweza kuchora mtiririko?

Jibu: Huwezi. Hatua ya 4.

Kazi_Shwari: Mbona ukali?

Jibu: Sina ugomvi nawe, ndugu. Kuna watu wanakunywa maji ya chini ya mgodi, na ramani ya kubahatisha itawaambia wako salama. Rudi ukapime.

Binti_Kifusi: Majivu yenye chokaa hayasaidii kuzima asidi ya mgodi?

Jibu: Umeuliza vizuri sana. Yanasaidia, baadhi yake. Lakini piga hesabu kwanza: kila asilimia 1 ya salfa iliyo kwenye pairaiti inahitaji takriban kilo 31 za kalsiamu kaboneti kwa tani moja ya kifusi. Chokaa ikiisha na pairaiti ikabaki, asidi inarudi, na inaweza kuachia metali zilizokuwa zimenaswa na kutu ya chuma. Ndiyo maana nakusihi upime uwezo wa maji kuzima asidi kila awamu. Huo huanza kushuka wakati pH bado imetulia, nawe unapata muda wa kuchukua hatua.

Mfugaji_Mdadisi: Mifugo ilishwe juu ya kifuniko?

Jibu: Kata majani, yaoshe vumbi, peleka maabara. Uliza seleniamu, molibdeni na shaba kwa pamoja, kwa sababu molibdeni nyingi huwanyima ng'ombe na kondoo shaba hata kama malisho yanayo. Majibu yakichelewa, wasiingie.

Fundi_Visima: Naongezea. Kifuniko cha kisima kiwe na kufuli na tundu dogo la hewa. Kikibana kabisa, hewa inazuia maji kupanda na kushuka, na kina utakachosoma siyo chenyewe.

Jibu: Kweli kabisa. Kama chako hakina tundu, kifungue na usubiri usomaji utulie ndipo uandike.