Kuunga pleti za alumini kwa msuguano ukitumia milingi ya kawaida

Njia hii, ambapo pini inayozunguka inazama kwenye maungio na kuikoroga alumini iliyolainishwa na joto la msuguano mpaka pleti ziungane, ilitoka TWI (taasisi ya utafiti wa uchomeleaji) kule Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, na mpaka leo mafundi wengi wanadhani lazima uwe na mashine ya bei mbaya. Kwa 6061 (aina ya aloi ya alumini) ya mm 6 milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ya karakana inatosha, ila iwe nzito kweli, zile ndogo za juu ya meza achana nazo, beringi za spindo (shafti inayozungusha tuli) utaziua.

Hatua ya 1: Tuli, yaani kifaa chenye pini ya kuzama kwenye alumini na bega pana la kukandamiza juu yake. Chonga kwa chuma cha H13 (chuma cha tuli kinachohimili joto), kisha kikomazwe. Bega kipenyo mm 18, pini kipenyo mm 6 na urefu mm 5.8. Spindo ikizunguka kisaa piga thredi za kushoto, ili alumini isukumwe chini isipande.

Hatua ya 2: Kingo zipige brashi ya stenlesi, futa kwa asitoni.

Hatua ya 3: Kufunga. Hapa ndo kazi yenyewe. Pini ikiingia inazisukuma pleti zitengane, kwa hiyo klampu za juu pekee hazitoshi, weka na za ubavuni zinazozikutanisha. Fila geji (kibati cha kupimia upenyo) ya mm 0.1 ikipita kwenye maungio popote pale, fungua urudie. Chini weka chuma kinene kilichosagwa, usiweke alumini maana itaungana na kazi yako. Afu pima unene kwa venia (kaliper) urefu wote, pleti inayouzwa kama mm 6 si lazima iwe 6 kote, na pini ikiwa fupi inabaki chini mstari usioungana ambao kwa macho huuoni, ikiwa ndefu inakwaruza chuma cha chini na kukatika. Ukishakaza tembeza dayali geji (saa ya kupimia usawa) juu ya maungio mwanzo hadi mwisho, ikicheza zaidi ya mm 0.1 weka shimu (kibati chembamba cha kusawazisha). Klampu ziwe karibu na mstari, bega lipite tu, kwa sababu joto likipanda pleti zinataka kuvimba.

Hatua ya 4: Inamisha kichwa digrii 2, kisigino cha bega kiwe nyuma ya mwendo. Mizunguko 1000 kwa dakika, zamisha polepole mpaka kisigino kiingie mm 0.2, subiri alumini ilainike kama unga wa chapati (haiyeyuki), ndo utembeze meza mm 60 kwa dakika. Tumia fidi ya mashine (meza ijiendeshe yenyewe), mkono hauendi sawasawa. Mwisho linabaki tobo la pini, acha urefu wa ziada ukate.

Hatua ya 5: Kata kipande, kikunje sehemu ya chini ikitazama nje. Mstari ukifunguka, hujazama vya kutosha. Ukiona kitundu ndani upande ambao tuli inazunguka kuelekea mbele, punguza mwendo au ongeza mgandamizo.

Plastiki kama HDPE (ile ya madumu) haitaki bega linalozunguka, linaitupa nje yote. Tengeneza kiatu kisichozunguka chenye hita, pini izunguke ndani yake kwa beringi, nenda taratibu, na klampu usifungue mpaka ipoe kabisa, la sivyo inajikunja.