Namna ya Kutambua Kama Kitu ni Antiki au ni cha Zamani Tu

Mpaka unaotumika forodhani na katika nyumba kubwa za mnada ni miaka 100. Kitu kilichouvuka huitwa antiki. Ambacho hakijaufikia, hata kiwe kizuri au adimu namna gani, hubaki kuwa kitu cha zamani, au vinteji kama wasemavyo wauzaji wa mtandaoni. Marekani, katika sheria yake ya ushuru ya mwaka 1930, ilisamehe ushuru vitu vya sanaa vilivyotengenezwa kabla ya 1830, na ilipofika 1966 ikauacha mwaka huo na kuchukua kipimo cha miaka 100, ambacho husogea pamoja na kalenda. Orodha ya kimataifa ya bidhaa inayofuatwa na idara za forodha ina kichwa namba 9706 kwa ajili ya vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Vinteji haina sheria ya namna hiyo. Soko la Etsy, kwa mfano, linataka miaka 20 angalau. Kitu kipya kilichoundwa kwa mtindo wa zamani hakimo katika kundi lolote kati ya haya mawili.

Ugumu, basi, haupo katika kuujua mpaka bali katika kuthibitisha kwamba kitu kilicho mbele yako kimeuvuka. Kanuni moja itakuepusha na makosa mengi: usipime umri kwa dalili kongwe uliyoiona, pima kwa sehemu changa kuliko zote ambayo unaamini ilikuwamo tangu siku kitu kilipotengenezwa. Ubao wa miaka 200 ukigeuzwa meza mwaka jana, meza hiyo ina mwaka mmoja.

Anza na maandishi, kwa kuwa ndiyo yanayosomeka upesi. Geuza sahani, bakuli au saa, utafute jina la nchi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliwalazimu watengenezaji wa nje kuziandika bidhaa zao jina la nchi zilikotoka, na kuanzia 1891 vyombo vingi vya Uingereza vikawa na neno “England” chini yake. Maneno “Made in England” kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kibandiko cha “Tanganyika Territory” hakiwezi kutangulia utawala wa Waingereza uliofuata Vita Kuu ya Kwanza. “Occupied Japan” ni kati ya 1945 na 1952, na Zaire ni kati ya 1971 na 1997, kwa hiyo kitu chenye jina mojawapo kati ya haya mawili ya mwisho bado ni cha zamani tu, bila haja ya kukichunguza zaidi. Mwaka ukiwa wa Hijria, uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: pesa ya shaba ya Sultani Barghash yenye 1299 inakupa 1882.

Hata hivyo, mwaka ulioandikwa juu ya kitu si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa kwake. Reale ya fedha ya Maria Theresa, iliyozunguka katika biashara ya pwani yetu na Uarabuni, huonyesha 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyo hiyo Vienna, London, Bombay na kwingineko, na Vienna inaigonga hadi leo. Muuzaji akikuwekea reale hiyo mkononi na kukuonyesha tarehe, amekuonyesha tarehe tu.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni cherehani ya Singer, kwa sababu nyumba nyingi bado zinayo. Puuza rangi na maua ya dhahabu, maana cherehani za Butterfly kutoka China zina umbo linalokaribiana mno na lile la Singer na huwachanganya hata mafundi. Tafuta namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, chini ya gurudumu la mkono. Ikibidi isugue kwa kitambaa chenye mafuta kidogo hadi tarakimu zitokeze. Namba isiyo na herufi yoyote mbele yake kwa kawaida ni ya kabla ya 1900, na hiyo ni antiki. Namba yenye herufi mbili kwa kawaida ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 1920, na nyingi za hizo hazijafika. Yenye herufi moja ndiyo inayohitaji kazi, kwa maana kipindi chake kinaanzia 1900 na kuishia miaka ya 1930, na mpaka wetu unapita humo humo. Hapo itakubidi uilinganishe na orodha za namba za Singer zinazopatikana bure mtandaoni. Meza yake ya miguu ya chuma isikushawishi, kwani kichwa na meza hubadilishwa mara nyingi.

Samani hazina namba, nazo ndizo zenye udanganyifu mwingi. Chukua kasha la njumu, lile la misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi, ambalo husifiwa madukani kuwa limeletwa na jahazi kutoka Bara Hindi au Ghuba. Usianze na nakshi, kwa sababu nakshi ndiyo sehemu ambayo fundi wa leo huihangaikia zaidi. Vuta mtoto wa kasha (droo) mmoja, umtoe kabisa na kumpindua. Mbao za chini na za nyuma, ambazo hazikukusudiwa kuonwa, zinapaswa kuwa kavu, zisizopakwa vanishi, na rangi yake itofautiane na ya mbele kwa sababu hewa na mikono haikuzifikia kwa kiasi kile kile. Zikiwa zimepakwa rangi nyeusi kila pembe kwa usawa, kuna mtu aliyetaka zionekane kuukuu. Ukikuta skrubu yenye kichwa cha nyota iliyokaa katika tundu lake la kwanza, basi umepata jibu: skrubu hizo ziliingia viwandani katika miaka ya 1930. Misumari ya waya, ile ya mviringo tunayoinunua kwa kilo, haikatai wala haikubali, kwani ilikwisha kuenea mwishoni mwa karne ya 19.

Vitabu vya Ulaya hukushauri utafute alama za randa na msumeno wa mkono kama ushahidi wa ukale. Katika pwani yetu ushauri huo una thamani ndogo, kwa kuwa Zanzibar na Lamu mafundi wanachonga kwa mkono mpaka sasa, na tena huzitumia mbao za msaji zilizotoka katika majengo yaliyobomolewa. Afadhali uangalie uchakavu: uwepo pale tu ambapo mkono, kufuli, mguu au ufagio ungefika kwa miaka mingi, yaani ukingo wa kifuniko, mdomo wa tundu la ufunguo na pembe za chini. Uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali ni kazi ya msasa.

Matengenezo hayaondoi ukale. Bawaba mpya au kufuli lililobadilishwa ni jambo la kawaida, mradi muuzaji aseme. Lakini kifuniko cha kasha moja kikipandishwa juu ya kiwiliwili cha jingine, mimi singekubali kuita kitu hicho antiki, hata kama vipande vyote viwili vina miaka 120.

Kabla ya kukisafirisha kitu nje ya nchi, fahamu kuwa sheria za malikale hazifuati hesabu ya miaka 100. Kenya, kwa Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006, huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Hivyo kasha la mwaka 1910 ni antiki forodhani bila kuwa malikale Kenya. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huweka mpaka wa vitu vya kale kuwa 1863, lakini hulinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango uliochongwa Bagamoyo mwaka 1935 haujawa antiki, na hata hivyo huwezi kuutoa nchini bila kibali. Zanzibar ina sheria yake.

Mwisho, dai maneno yaandikwe kwenye risiti. “Mtindo wa kale” hayamfungi muuzaji kwa lolote. Mtake aandike kipindi cha kutengenezwa, mbao au madini yaliyotumika, na sehemu zilizobadilishwa. Akikubali kuandika “mnamo 1900” akatia sahihi, unaweza kulipa bei ya antiki. Akikataa, lipa bei ya kitu cha zamani.