Kumtafutia mtoto klabu ya tenisi Nakuru na Kisumu: uanzie wapi

Anzia shuleni. Mwalimu wa michezo ndiye anayejua timu hufanyia mazoezi wapi na nani huwafunza, kwa sababu mashindano ya shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa. Mwombe namba ya kocha.

Kisha nenda klabuni mwenyewe: Rift Valley Sports Club ukiwa Nakuru, Nyanza Club ukiwa Kisumu. Hizi ni klabu za wanachama, lakini usikimbilie kulipa uanachama. Uliza ofisini kama mtoto wa asiye mwanachama anaweza kuingia kupitia kwa kocha, kama ada ya uwanja imo kwenye malipo ya kocha, na saa ambazo wanachama hupewa kipaumbele. Swali hili la mwisho wazazi wengi hulisahau. Wamelipa mwezi mzima, wanafika saa kumi na moja jioni, wanakuta watu wazima wameshika viwanja vyote na mtoto anakaa benchi.

Kabla ya kutoa pesa, tazama kipindi kimoja na uangalie mipira. Hadi miaka 8 mtoto hutumia mpira mwekundu, laini na usiodunda juu, uwanja wenye urefu wa mita 11 na wavu wa sentimita 80. Miaka 8 hadi 10, mpira wa rangi ya machungwa na uwanja wa mita 18. Wa kijani hufuata, sasa kwenye uwanja kamili wa mita 23.77. Mtoto wa miaka 7 akipewa mpira wa njano, ule wa kawaida wa watu wazima, unadunda juu ya kichwa chake; ili aufikie, anageuza mshiko wa raketi, na mshiko huo baadaye ni kazi kuung'oa. Ukiona watoto kumi kwenye foleni wakisubiri mpira mmoja, tafuta kocha mwingine.

Nakuru kuna jambo la ziada. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo mpira wa njano wa kawaida hudunda juu mno na kupaa nje ya mistari. Kanuni za ITF, shirikisho la kimataifa la tenisi, zina mipira maalumu kwa sehemu zinazozidi mita 1,219. Mkebe wake huandikwa High Altitude. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, mpira wa kawaida unafaa.

Raketi: inchi 21 kwa miaka 5 hadi 6, 23 kwa 7 hadi 8, 25 kwa 9 hadi 10. Mtoto asimame wima akiishika mpinini, mkono ukining'inia. Ncha ikikwama chini hadi kiwiko kinakunjika, ni ndefu mno. Za mitumba nyingi ni inchi 27, za watu wazima. Hata kwa bei ya bure, ziache.

Akianza kurudisha mipira kumi mfululizo, waulize Tennis Kenya, shirikisho la tenisi nchini, ratiba ya mashindano ya watoto. Tangu 2012, kanuni za ITF haziruhusu mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya miaka 10 kushuka chini, kwa hivyo uliza rangi ya mpira kabla ya kumsajili.