Kutoa asidi salfyuriki kwenye salfa: hatua kwa hatua, macho kwenye joto

Vijana wengi wanaingia kwenye mitambo ya asidi, hasa kule Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), ambako inatumika kuloweka mawe ya shaba na kobalti, wakiwa na ekwesheni tu kichwani. Kazi yenyewe ni kulichunga joto, twende.

Hatua ya 1, yeyusha salfa. Inayeyuka kwenye nyuzi 119 za Selsiasi hivi, sisi tunaiweka 135 mpaka 145 kwa mabomba ya mvuke. Ikipita 160 inakuwa nzito ghafla na pampu inagoma. Halafu hapo kwenye tanki kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza, ukiona husikii tena harufu usidhani imeisha, inaua pua kwanza, toka.

Hatua ya 2, kausha hewa kwa kuipitisha kwenye mnara unaomwagiwa asidi hiyohiyo ya salfyuriki, ya 98%. Watu wanaidharau hii, kumbe unyevu ukipenya unazaa asidi nyepesi huko mbele na hiyo ndo inakula chuma.

Hatua ya 3, choma salfa kwa hewa hiyo kavu. Nyuzi 1,000 na kitu, unapata gesi yenye SO2 (salfa dayoksaidi) ya 10 mpaka 12%, boila inaishusha mpaka 420 hivi.

Hatua ya 4, hapa ndo penyewe. SO2 inageuka SO3 (salfa trayoksaidi) ikipita kwenye matabaka manne ya kichocheo cha vanadiamu, na ikigeuka inatoa joto, na joto likizidi inataka kurudi ilikotoka, likipungua sana kichocheo kinalala. Kwa hiyo tabaka la kwanza gesi inaingia na 420 inatoka na 600 hivi, imegeuka kama 60% tu, usilazimishe, ipooze ndo iende la pili, kisha la tatu. Kabla ya la nne itoe kwanza SO3 (kwa kuinyonya kwenye asidi, kama hatua ya 5), hivyo ndo unavuka 99.5%. Kila saa linganisha joto la kuingia na la kutoka: tabaka la kwanza likipandisha kidogo na la pili likaanza kupandisha sana, la kwanza limechoka, au gesi inaingia ya baridi.

Hatua ya 5, SO3 usiipeleke kwenye maji, utapata ukungu usioshikika. Ipitishe kwenye mnara wa asidi ya 98% iinyonye, maji unayaongeza kidogo kidogo kwenye asidi inayozunguka yenye vipoozeo (ndiyo, kinyume cha tulivyofundishwa labu, usijaribu kwenye chupa!). Chimni ikianza kutoa moshi mweupe mzito, pima ukali wa asidi ya mnara huo wa kunyonya SO3, ikiwa sawa rudi hatua ya 2, huenda unyevu unapenya.