Baiskeli ya mbio ya mtumba: anza na fremu
Kama hela ni ndogo, usibabaishwe na rangi wala wingi wa gia. Kagua fremu kwanza. Simama nayo katikati ya miguu, nyayo chini. Bomba la juu likikubana msambani, ni kubwa kwako, hata bei iwe tamu vipi. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapoungana na shingo ya usukani. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka, huenda iligonga kitu kwa mbele. Achana nayo. Ringi ikiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Soma ubavu wa tairi pia: tairi la saizi ya 700C haliingii kwenye ringi ya inchi 27, ingawa kwa macho zinafanana. Bakiza hela ya cheni na breki mpya.